Nani hayumo katika kumbukumbu zako?



Dominika ya leo naomba nikupeleke mbali kidogo, mpaka Liverpool, mji wa bandari ulioko kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Najua vijana wetu wakilisikia jina hilo wanafikiria mpira tu. Mimi nikilisikia namkumbuka bibi mmoja mzee, chai yake ya maziwa, na picha ya familia iliyosimama juu ya rafu ya meko.

Miaka kama kumi iliyopita nilikuwa masomoni nchini humo, na mwisho wa juma nilisaidia kazi za kichungaji katika parokia moja ya mji huo. Paroko alinikabidhi jukumu la kuwapelekea wagonjwa na wazee Komunyo Takatifu kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Nyumba ya mwisho katika orodha yangu ilikuwa ya bibi huyo. Alizaliwa mwaka 1940. Miguu ilikuwa imekataa, lakini akili ilikuwa nyepesi na ulimi haukuchoka. Nilimfundisha neno moja tu la Kiswahili, "bibi", akalipenda, na tangu siku hiyo sikumwita kwa jina jingine. Tukishamaliza sala ya shukrani alikuwa ananiambia, "Kaa, Padre, maji yamechemka." Nikikaa tu, tunarudi miaka ya hamsini.

Alikulia katika mtaa mdogo pembeni mwa Scotland Road, eneo ambalo kwa vizazi vingi lilikuwa makao ya Wakatoliki maskini wa Liverpool. Wengi wao walikuwa uzao wa Waayalandi waliokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani. Mwaka 1847 peke yake walishuka katika bandari ile Waayalandi wapatao 300,000. Wenye nauli waliendelea hadi Marekani. Wasio na nauli walibaki pale pale karibu na gati, wakazaa, wakajenga makanisa na shule, na wakaifanya Liverpool kuwa mji wa Kikatoliki kuliko mji wowote mkubwa wa Uingereza.

Nyumba za mtaani kwao zilishikana kama mabehewa ya treni. Choo kilikuwa uani, na usiku wa baridi kwenda huko kulihitaji moyo. Chumba cha mbele kilikuwa na meko ya makaa ya mawe, na meko hayo ndiyo yaliyokuwa moyo wa nyumba: hapo walipika, walikausha nguo, walisali Rozari na walisimuliana habari. Jumamosi jioni beseni kubwa la bati liliteremshwa kutoka ukutani na kuwekwa mbele ya moto, watoto wakaogeshwa mmoja baada ya mwingine katika maji yale yale, ili kesho yake waende Misa wakiwa safi. "Harufu ya makaa ya mawe," alikuwa akisema Bibi akifumba macho, "mimi nikiisikia hadi leo, nina miaka saba."

Watoto walicheza wapi? Kwenye magofu. Wiki ya kwanza ya Mei mwaka 1941 ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo usiku hadi usiku, na watu wapatao 1,700 walikufa katika wiki hiyo moja. Bibi alikuwa mtoto mchanga, hakumbuki mabomu. Anachokumbuka ni viwanja vya kifusi vilivyobaki miaka mingi baadaye, vilivyojaa magugu na matofali, ambavyo kwa watoto vilikuwa ngome, meli na viwanja vya mpira. Ukifika Liverpool leo utaliona kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Luka likiwa limesimama bila paa. Liliachwa hivyo makusudi, liwe ukumbusho.

Vita viliisha mwaka 1945, lakini mgao wa chakula haukuisha. Kila mtu alikuwa na kitabu chake cha mgao, na mwenye duka alikikata kuponi. Wewe uliyekuwa mtu mzima mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapa kwetu, ukikumbuka foleni za sukari na sabuni, huhitaji maelezo. Mgao wa peremende uliondolewa Februari 1953, wa sukari Septemba mwaka ule ule, na wa nyama Julai 1954. Bibi alikuwa na miaka kumi na mitatu peremende zilipoachiwa huru. Alinisimulia siku hiyo kama mtu anayesimulia Krismasi: watoto wa mtaa mzima mlangoni mwa duka, kila mmoja na senti yake mkononi.

Baba yake alikuwa kuli bandarini. Wakati ule makuli wengi hawakuwa na kazi ya kudumu. Kila asubuhi walikusanyika karibu na gati, msimamizi akapita akiwachagua: wewe, wewe na wewe. Wasiochaguliwa walirudi nyumbani, au walisubiri mchana wajaribu tena. Wakati wa mvua walijificha chini ya reli iliyopita juu ya nguzo za chuma kando ya bandari yote, na ndiyo maana watu waliiita "mwavuli wa makuli". Reli hiyo ilifungwa mwisho wa mwaka 1956. Bibi aliniambia kwamba kila aliposikia Injili ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, wale waliosimama sokoni kutwa nzima kwa sababu hakuna aliyewaajiri, alimwona baba yake.

Siku baba hakuchaguliwa, mama alipika skausi, mchuzi mzito wa viazi, karoti, vitunguu na nyama, ambao kwa jina lake watu wa Liverpool wanaitwa mpaka leo. Nyama ikikosekana, mchuzi huo waliuita skausi kipofu. Suti ya baba ilikwenda duka la rehani Jumatatu na kukombolewa Jumamosi, ili Dominika asiende kanisani kama ombaomba. Na jirani akikosa sukari, mtoto alitumwa na kikombe, na kikombe hakikurudi kitupu.

Akina mama walibeba nguo chafu hadi nyumba ya kufulia ya umma, jambo ambalo mji ule una haki ya kujivunia. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoingia Liverpool, mwanamke maskini mzaliwa wa Ayalandi aitwaye Kitty Wilkinson ndiye pekee mtaani kwake aliyekuwa na boila ya kuchemshia maji. Akawafungulia majirani nyumba yake wafue mashuka ya wagonjwa wao. Miaka kumi baadaye mji ukafungua nyumba ya kufulia kwa ajili ya umma, na baadaye yeye na mumewe wakakabidhiwa kuisimamia. Katika enzi ya Bibi, nyumba za namna hiyo zilikuwa nyingi, na mle ndani, katikati ya mvuke na kelele, habari zote za mji zilipita.

Basi nilimsikiliza mwezi baada ya mwezi, na nilikuwa naondoka pale nimefurahi. Mara nyingi nilijisemea njiani: watu hawa walikuwa maskini, lakini walikuwa na upendo ambao sisi wa leo tumeupoteza. Nadhani nawe, msomaji wangu, umewahi kusema hivyo kuhusu kijiji chenu.

Lakini kulikuwa na kitu kidogo kilichonitatiza. Bibi alipotaja familia yao alisema daima, "Tulikuwa watoto watano." Juu ya rafu ya meko kulikuwa na picha ya siku ya Komunyo yake ya kwanza, mwaka 1947. Bibi yuko mbele, na gauni jeupe na shela. Baba amevaa suti iliyokombolewa. Ijumaa moja, yeye akiwa anasukuma kigari chake kuelekea jikoni, niliwahesabu watoto katika picha ile. Walikuwa sita. Nyuma ya Bibi amesimama msichana mrefu, kama miaka kumi na sita hivi, mkono wake uko begani mwa Bibi.

Niliuliza kwa urahisi tu, kama mtu anayeendeleza mazungumzo: "Bibi, na huyu dada ni nani?" Akakaa kimya. Kisha akasema, "Huyo ni dada yangu mkubwa. Nikimhesabu yeye, Padre, inabidi nihesabu na mengine."

Haya nitakayokuandikia hakuniambia katika kitubio. Aliniambia juu ya kikombe cha chai, na kabla sijarudi nyumbani aliniruhusu niyasimulie mradi nisitaje jina lake.

Ukitoka Scotland Road na kupanda kilima kwa dakika chache unafika Netherfield Road. Kule waliishi maskini wenzao: makuli kama wao, nyumba kama zao, makaa ya mawe yale yale. Tofauti ilikuwa moja, kule walikuwa Waprotestanti. Kila mwaka tarehe 12 Julai walikuwa na maandamano yao ya rangi ya chungwa, na siku hiyo watoto wa pande zote mbili walijifunza kurusha matusi kabla hawajajifunza maana yake. Angalia ajabu hii: katika nyumba ya kina Bibi, baba alishabikia Everton na kaka zake wawili walishabikia Liverpool. Mwaka 1954, Liverpool ilipoteremka daraja na Everton ikapanda mwaka huo huo, walitaniana mezani mpaka mama akawafukuza nje. Nyumba ile iliweza kuvumilia timu mbili. Haikuweza kuvumilia makanisa mawili.

Mwaka 1955 dada yake alimpenda kijana wa Netherfield Road waliyekuwa wakifanya naye kazi kiwandani. Siku zile ndoa ya mseto ilikuwa jambo zito sana. Kanisa letu lilitaka ruhusa maalumu na ahadi kwamba watoto wote watalelewa Kikatoliki, na ibada yenyewe ilikuwa fupi, bila Misa. Baba wa kijana naye hakutaka kusikia habari ya mwanawe kukanyaga kanisa la Kikatoliki. Kila upande ulikuwa na mlango wake, na kila mlango ulifungwa. Mwishowe wakafunga ndoa katika kanisa la kijana. Hakuna hata mtu mmoja kutoka nyumbani kwa kina Bibi aliyekwenda. Jioni ile baba akaitoa picha juu ya meko, akasema mezani kwamba yeye ana watoto watano, na jina la binti yule halikutajwa tena ndani ya nyumba ile.

Wiki chache baadaye Bibi, msichana wa miaka kumi na mitano, alitumwa mkate. Alipokuwa anarudi alimwona dada yake amesimama kwenye nguzo ya taa mwishoni mwa mtaa, hathubutu kuingia, anaangalia kama atamwona mama. Dada akainua mkono. Bibi akauona ule mkono. Akavuka akapita upande wa pili wa barabara, akaingia ndani na mkate wake, akafunga mlango.

"Hatua kumi na mbili, Padre," aliniambia. "Kutoka pale nilipokuwa mpaka kwenye ile nguzo ya taa. Nimezihesabu maisha yangu yote."

Nilimuuliza kama majirani, wale wa kikombe cha sukari, hawakusema neno. Akatikisa kichwa. Mtaa uliogawana sukari ulikubaliana pia kumsahau mtu mmoja, na ulifanya yote mawili kwa moyo mmoja.

Mama yao alipofariki, Bibi alikuta chini ya kitanda kopo la biskuti. Ndani yake kulikuwa na picha ile ya mwaka 1947, kadi za Krismasi za miaka mingi, na kipande cha karatasi chenye majina ya watoto watatu na tarehe zao za kuzaliwa. Mama alikuwa akipata habari zote kupitia mwanamke mmoja wa Netherfield Road waliyekutana naye kwenye nyumba ya kufulia. Miaka yote ile alijua majina ya wajukuu zake na hakuthubutu kuyatamka kwa sauti.

Kanisa, namshukuru Mungu, liliendelea kutembea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulitufundisha kuwatazama Wakristo wengine kama ndugu katika Bwana. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alilegeza masharti ya ndoa za mseto. Na katika Liverpool yenyewe kuna barabara iitwayo Hope Street, jina ambalo kwa Kiingereza lina maana ya matumaini. Mwisho wake mmoja kuna kanisa kuu la Kianglikana, lililochorwa na Mkatoliki, Giles Gilbert Scott. Mwisho wa pili kuna kanisa kuu letu la Kristo Mfalme, lililowekwa wakfu mwaka 1967, ambalo lilichorwa na Frederick Gibberd, mtu asiye Mkatoliki. Umbali kati yake haufiki kilomita moja. Dominika ya Pentekoste, tarehe 30 Mei 1982, Papa Yohane Paulo II alifika Liverpool. Alianza kuingia katika kanisa kuu la Waanglikana, akapokewa kwa shangwe, ndipo akaipita barabara ile kwenda kuadhimisha Misa katika kanisa kuu letu.

Bibi alikuwa miongoni mwa umati uliosimama Hope Street. Aliniambia kwamba hakusikia hotuba wala hakukumbuka wimbo. Aliona tu mzee wa Roma akisafiri kutoka mlango ule kwenda mlango huu, akafikiri, "Yeye ametoka Roma. Mimi nilishindwa hatua kumi na mbili." Usiku ule aliandika barua. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, kadi yenye mstari mmoja tu, ikimkaribisha chai siku ya Alhamisi.

Walipata miaka kumi na moja pamoja kabla ya dada kufariki. Usidhani Bibi aliusimulia mwisho huu kwa furaha. Alisema, "Miaka kumi na moja tuliipata. Ishirini na saba hatukurudishiwa." Baba yao alikufa bila kumwona tena binti yake. Mtaa wenyewe ulivunjwa katika bomoabomoa ya miaka ya 1960, watu wakahamishiwa makazi mapya nje ya mji. Hata kama Bibi angetaka kwenda kusimama kwenye ile nguzo ya taa, haipo.

Mpendwa msomaji, sasa nije kwangu, maana nisingekuwa mwaminifu nikisimulia dhambi ya Liverpool peke yake.

Ijumaa iliyofuata, ili kumchangamsha Bibi, nilimsimulia utoto wangu kule Umatengo, Mbinga, katika miaka ya sabini. Nilimweleza baridi ya milimani, sisi watoto tukikaa kuuzunguka moto wa kuni asubuhi, kengele ya misheni, msimu wa kuchuma kahawa, mama akigawa ugali na maharage, na furaha ya kijiji kizima nilipochaguliwa kwenda seminari ndogo. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Na nani hayumo, Padre?"

Chai ilinipoa mkononi. Kwa sababu yumo mtu ambaye hayumo. Mwaka 1986 dada yangu, aliyenifuata kwa umri kwenda juu, alipata ujauzito akiwa bado shuleni. Mimi nilikuwa seminarini. Wazee waliketi, wakaona kwamba jina la familia yenye mseminari lisichafuke, na dada akapelekwa usiku kwa shangazi, wilaya nyingine. Mtoto akazaliwa huko, na maisha yake yakawa huko. Nilirudi likizo nikakuta kitanda chake kimeondolewa. Sikuuliza. Siku ya upadrisho wangu, mwaka 1998, wakati wa kutoa baraka za kwanza, nilimwona amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, amefunga kitenge kichwani. Niliwabariki watu zaidi ya mia, nikaenda mezani kula na maaskofu na wageni. Alipoondoka sikujua. Na kwa miaka mingi, nikihubiri juu ya familia iliyonilea katika imani, nilieleza kila kitu isipokuwa yeye ambaye kwa sababu ya wito wangu alifukuzwa nyumbani.

Jioni ile, kutoka chumba changu cha Liverpool, nilimpigia simu. Nilijikanyaga kanyaga, mara habari za mvua, mara habari za watoto. Mwishowe nikasema, "Dada, siku ya upadrisho wangu nilikuona pale mlangoni." Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Nilijua umeniona. Nilikuwa nasubiri useme." Naye ameniruhusu niandike haya.

Ndugu yangu, Maandiko yanajua sana hatari ya kumbukumbu tamu. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, wana wa Israeli wakiwa jangwani wanakumbuka Misri: samaki, matango, matikiti, vitunguu. Wanakumbuka sahani, wanasahau mijeledi. Hawakusema uongo, samaki walikuwepo kweli. Lakini kumbukumbu inayochagua yaliyo matamu tu inaweza kumfanya mtu aililie nyumba ya utumwa.

Sasa tazama jinsi Bwana wetu anavyoponya kumbukumbu. Mwinjili Yohane anataja moto wa makaa mara mbili. Mara ya kwanza ni katika sura ya 18, usiku wa baridi, katika ua wa Kuhani Mkuu, Petro anaota moto na anamkana Bwana wake mara tatu. Mara ya pili ni katika sura ya 21, alfajiri, kando ya ziwa. Yesu mfufuka amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate. Unadhani Petro alipoisikia harufu ile alikumbuka nini? Yesu angeweza kumpokea Petro mahali popote pengine. Alimrudisha mbele ya moto ule ule, akamuuliza mara tatu kama anampenda. Hakumwambia, "Tusahau." Wala hakumsimanga. Alimpa nafasi ya kulitamka pendo mara tatu pale pale harufu ilipomkumbusha aibu yake, kisha akamkabidhi kondoo. Tena kwanza alimlisha. Kifungua kinywa kilitangulia mahojiano.

Mji wa Liverpool nao umejifunza kitu cha namna hii. Utajiri wake wa zamani ulijengwa kwa sehemu kubwa na biashara ya watumwa, mababu wa watu wenye ngozi kama yangu na yako. Ungeweza kubaki na hadithi za meli nzuri na muziki. Mwaka 2007, hapo hapo bandarini, ulifungua makumbusho ya kimataifa ya utumwa. Nilipita mle ndani siku moja na watoto wa shule wa Kiingereza. Hawakuwa wanacheka. Mji unaokumbuka hivyo haujidharau, unajiandaa kusema kweli.

Na sisi Wakatoliki kila Dominika tunaitwa kukumbuka. Bwana alituachia Karamu yake kama ukumbusho wake, na ukumbusho huo una mwili uliotolewa na damu iliyomwagika. Hata baada ya kufufuka alibaki na alama za misumari, akamwonyesha Tomaso. Katika sala ya Ekaristi tunawaombea walio hai na marehemu, walio karibu na walio mbali. Meza ile haina mtoto wa tano anayehesabiwa huku wa sita akisahauliwa.

Sisemi kwamba mafundisho hayana maana, wala sisemi kwamba mzazi asimkanye mtoto wake. Baba wa Bibi aliipenda imani yake kweli, na wazazi wangu walinipenda kweli. Ninachosema ni kwamba kukanya ni jambo moja na kumfuta mtu ni jambo jingine. Baba wa mwana mpotevu hakukubaliana na safari ya mwanawe, lakini hakuacha kumhesabu kuwa mwana. Ndiyo maana alimwona akiwa bado yuko mbali.

Basi leo, baada ya Misa, mkikaa kula pamoja na wajukuu wakikuomba uwasimulie zamani, wasimulie. Wape utamu wote: kengele ya misheni, ngoma za sikukuu, mama zetu na vyungu vyao. Ni zawadi, usiwanyime. Lakini kabla hujamaliza, hesabu tena picha. Yupo kaka aliyehamia dhehebu jingine? Binti aliyeolewa na Mwislamu? Mtoto wa nje ya ndoa ambaye jina lake linajulikana na bibi peke yake? Ndugu aliyeugua ukimwi miaka ile mkamfichia vyombo vyake? Mtaje. Kama amekwisha kutangulia mbele ya haki, mtajie Misa. Kama yu hai, simu unayo mkononi.

Bibi alifariki mwaka mmoja baada ya mimi kurudi Tanzania. Paroko aliniandikia kwamba katika mazishi yake walikuja watu wa familia kutoka pande zote mbili za kilima, na kwamba mmoja wa watoto wa dada yake ndiye aliyesoma somo la kwanza. Picha ile ya mwaka 1947 waliiweka juu ya jeneza. Naamini kwamba mbele ya Mungu, ambaye hakosei kuhesabu, wako sita.

Nakutakia Dominika njema. Mungu akubariki wewe na wote wa nyumbani mwako, waliopo mezani na wasiokuwepo.